Jicho la Chaki kwenye Kofia ya Baba

Kwa heshima na taadhima, naomba nianze na sheria kuu ya nyumba yetu: Baba akijilaza na kofia ya kuchomelea usoni, hakuna kiumbe anayeruhusiwa kutoa sauti. Mama huacha cherehani katikati ya mshono. Mdogo wangu, tunayemwita Kengele kwa sababu zinazosikika hadi mtaa wa pili, hupelekwa kwa jirani. Hata mimi, niliyerudi likizo kutoka bweni na sifa ambazo mwalimu wa nidhamu hapendi kuzirudia, huvua viatu.

Baba ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na ana kipandauso. Kikimshika, upande mmoja wa kichwa hudunda kama mtu anayegonga bati, mwanga humchoma, na harufu ya kitunguu humtapisha. Basi hufunga pazia, hutundika blanketi juu ya pazia, huweka ndoo kando ya kitanda, kisha hujifunika uso kwa ile kofia. Anasema ndani yake kuna giza la kuaminika.

Zamani kofia ilionekana mara mojamoja. Likizo hii niliikuta usoni kwake karibu kila siku. Kule karakana mageti ya watu yalilala chini bila bawaba. Baba alikuwa ameacha kunyoa ndevu. Nilipomsimulia jinsi tulivyoivisha mifupa ya maabara koti la mkuu wa bweni, tukaiketisha mezani pake, naye akaisalimia, Baba alisema tu, "Vizuri." Mtu ambaye zamani angecheka hadi ashike ukuta!

Nilijiambia ni kichwa tu. Sikujishawishi.

Kwa kuwa sijui kuhangaika kwa utulivu, nilibuni operesheni. Nilichukua chaki anayotumia kuchora alama kwenye vyuma, nikanyata hadi chumbani ili nichore macho mawili makubwa juu ya kioo cheusi cha kofia. Angeamka, Mama angemwona, wangecheka. Huo ndio ulikuwa mpango wote.

Nilimaliza jicho moja. Nikiwa nimeinama kwa la pili, nikaona kitu ambacho sikukipenda. Pazia lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limemlalia kifuani. Ndoo haikuwepo. Na chini ya kofia, maji yalikuwa yakitiririka kidevuni hadi kwenye mto.

"Mheshimiwa," Baba akasema kutoka ndani ya kofia. Ndivyo anavyoniita nikiwa na makosa. "Unafanya nini?"

"Ukarabati mdogo."

Nikaiweka chaki chini.

"Baba, kichwa kinauma?"

Jicho langu la chaki lilikuwa likitazama dari kwa mshangao.

"Leo hakiumi," akasema. "Kilipona juzi."

"Sasa mbona…"

"Nikisema kichwa, mnanyamaza na mnaniacha. Nikisema sina hamu ya kuamka, mtaniuliza nimekosa nini. Nami sijui nimekosa nini." Akameza mate. "Usimwambie mama yako. Ana kazi nyingi."

Nikaahidi. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikashindwa hata kumtania Kengele. Nyumba nzima ilikuwa imenyamaza kwa ajili yake, kwa upendo mwingi kabisa, na kumbe tulikuwa tunamwacha peke yake na hilo jambo. Kila nilipoacha kumsikia akijigeuza kitandani, niliinuka kwenda kuchungulia kama kifua chake kinapanda.

Kesho yake alikuwa aende zahanati kuchukua dawa za kichwa. Mama akanituma nimsindikize. Nikaitia kofia kwenye begi la shule.

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye kalamu nyuma ya sikio. Baba akamweleza yote kuhusu kichwa, kinadunda wapi, kinamtapisha lini.

"Kuna lingine, mzee?"

"Hakuna."

Baba akaanza kuinuka. Sasa, mabibi na mabwana, nilikuwa nimeahidi kutomwambia Mama. Daktari hakutajwa popote katika ahadi ile. Lakini mdomo, ambao darasani haunisaliti kamwe, ulikauka. Nikaitoa kofia na kuiweka mezani. Ilikuwa bado na jicho moja la chaki, limefutika nusu.

"Hii nini?" daktari akauliza.

Nikamtazama Baba. Baba akaitazama kofia. Nilidhani atanichapa, au ataondoka. Akakaa.

"Kuna siku naivaa," akasema polepole, "na kichwa hakiumi."

Daktari akaitoa kalamu sikioni, akaiweka chini. Akamwuliza kuhusu usingizi, chakula, kazi. Kisha akauliza kwa sauti ile ile, "Umewahi kuona afadhali usiamke kabisa?"

Nilishika ukingo wa kiti.

"Mara nyingine," Baba akasema. "Sijapanga kitu. Ni wazo tu linapita."

"Asante kwa kuniambia." Akatueleza kwamba kipandauso na sonona mara nyingi hutembea pamoja, kila kimoja huweza kukikaribisha kingine, na vyote viwili vina tiba. Hakuna aliyekosa kitu. Baba atamwona mshauri siku hiyo hiyo, atarudi wiki ijayo, na asibaki peke yake. "Na mke wako aambiwe."

"Nitamwambia mimi," Baba akasema, bila kunitazama.

Alimwambia. Mama alilia, akafuta macho kwa kitambaa cha mteja, kisha akarekebisha sheria: kichwa kikiuma, kimya, kisipouma, mmoja wetu akae naye.

Sidanganyi kwamba kofia imerudi kwenye msumari wake kule karakana. Jana alijilaza nayo tena. Nikachungulia: pazia wazi, ndoo hakuna. Nikaingia, nikakaa sakafuni, bado nikiogopa, nikaanza upya habari ya mifupa ya maabara. Nilipofika pale mkuu wa bweni anapoiuliza mifupa mbona haili, kofia ikasogea.

"Hilo la kula umeongeza," Baba akasema.

"Nimeongeza, Baba."

Kofia ikarudi kutazama dari.

"Haya, endelea."