Kinyesi cha Wazima

Kinyesi kilikuwa kizuri mno. Kikavu, kimeshikana vyema, kimefungwa kwenye mfuko mweupe kama zawadi. Miaka hiyo nilikuwa mpimaji katika maabara ya mifugo, na shangazi yangu alikuwa amekileta mwenyewe, amevaa nguo zake za kutokea. Vifaranga wake wa bata mzinga walikuwa wakihara na kufa. Nilipima virusi vya tumbo, vyote tulivyokuwa na uwezo wa kuvipima. Sikuona kitu.

"Basi si ugonjwa," akasema shangazi. "Ni mkono wa mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mke wa mwanawe, ambaye ndiye aliyekuwa akiwalisha. Mwanamke mpole, mwenye utani wa chinichini. Aliwahi kuniambia kwamba mimi nitaolewa na hadubini. Nilimpenda sana. Tangu siku ile akapokonywa ndoo ya chakula, na mezani hakuna aliyemwomba hata chumvi.

Jumamosi nikaenda. Nilimkuta yule wifi yangu akikunja nguo zake.

"Narudi kwetu, wifi. Nimechoka kuangaliwa mikono."

Nikaingia bandani. Matandazo yalikuwa yamelowa, vifaranga wamejikunyata chini ya taa, na kila mahali kinyesi cha majimaji chenye povu. Hakikufanana hata kidogo na kile cha kwenye mfuko.

"Shangazi, kile ulichoniletea ulikitoa wapi?"

"Kwa wale wakubwa, wazima." Aliniangalia kama anayeulizwa jambo lililo wazi. "Uchafu huu ningeupelekaje ofisini kwa watu? Wangesema kwenu hamjui usafi."

Nilicheka, kisha machozi yakanitoka. Alikuwa amenisitiri mimi, na mzigo ukamwangukia mwingine. Nikachota ule uchafu, nikamsihi wifi asubiri majibu, hayo tu, kisha aende akitaka.

Alisubiri, sanduku likiwa mlangoni. Safari hii majibu hayakuwa na ubishi: virusi, tena kwa wingi. Mkono wa mtu haukuwamo. Nikampigia simu shangazi nikamweleza.

"Mwambie wewe," akasema, sauti imemshuka. "Nikimwambia mimi, atadhani namsamehe, ilhali wa kuomba msamaha ni mimi."