Koplo Nassor Ajiandika Ubaoni

Koplo Nassor Mwinyihaji alikuwa na hati nzuri mno. Watu wa Kisauni walimjia awaandikie barua za posa na za kuomba kazi, naye akawaandikia bila kusumbuka, maana alipenda kusifiwa. Ndiyo sababu Sajini Gershom alipoletwa kutoka bara, mwaka ule wa sitini na mbili, akautundika ubao mweusi nje ya kituo kidogo cha polisi cha Mtondooni, hakuuliza nani ataandika.

"Kila Alhamisi, Koplo, utaandika kazi tuliyofanya juma zima. Nani ameshikwa na kwa kosa gani. Na hapa chini," Sajini akapiga mstari wa chaki, "malalamiko ya raia juu ya askari, na hatua tuliyochukua."

"Juu ya askari, afande?"

"Juu yetu. Uhuru uko mlangoni, na watu hawa wanatuogopa kuliko wezi."

Nassor aliona hayo ni mambo ya mgeni, yatapoa. Kwa majuma matatu, chini ya ule mstari, aliandika neno moja tu: "Hakuna." Aliliandika kwa mikogo, na wapita njia wakasimama kusoma.

"Hakuna!" walicheka. "Basi kituo kizima ni malaika."

Juma la nne ikaja kesi ya jogoo. Alikuwa mwekundu, mnene, mwenye makeke. Bi Mishi alisema ni wake, kamlea tangu kifaranga. Jirani yake, Kuluthum, akasema ni wake yeye, na mtu amuulize mumewe. Sajini akaamuru jogoo akae kituoni kama kizibiti mpaka mashahidi wapatikane. Akatiwa chumba cha mahabusu, maana kilikuwa kitupu.

Siku ya kwanza aliwika mpaka watu wakaziba masikio. Siku ya pili alimdonoa Konstebo Masha mguuni. Jumapili Sajini alikwenda kanisani, mvua ikawa inanyesha taratibu, na Masha akaingia na nazi mbili mkononi.

"Koplo," alisema, "nazi zipo."

Kisha akageuza macho kwenye chumba cha mahabusu.

Na jogoo alikuwa mtamu, wallahi. Hilo Nassor hakulikana hata baadaye. Kulipokucha Jumatatu alikifungua kitabu cha matukio, akaandika kwa ile hati yake: "Kizibiti, jogoo mmoja mwekundu, ametoroka."

Jumanne Bi Mishi akapiga hodi.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu. N'nasikia jogoo wangu katoroka."

"Ndiyo, mama. Alipitia dirishani."

"Ala! Katoroka uchi?" Bi Mishi alifungua pindo la leso yake, akamwaga mezani manyoya mekundu tele. "Maana nguo zake kaziacha nyuma ya jiko lenu."

Sajini Gershom alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakupiga kelele, na Nassor alitamani angepiga.

"Koplo, ni kweli?"

"Ni kweli, afande. Tumemla."

"Mimi nilipewa shingo tu," alisema Masha kutoka pembeni.

Sajini akamnyoshea Nassor kipande cha chaki.

"Afande, niadhibu utakavyo," Nassor alimsihi. "Lakini si ubaoni! Mke wangu hupita hapa. Baba mkwe wangu ni mwalimu wa chuo cha Kurani, hupita hapa akienda msikitini."

"Walipita hapa pia uliposema hakuna. Kula jogoo ni kosa dogo. Kuandika uongo kitabuni ni kosa kubwa. Yaandike yote mawili, na usingoje Alhamisi."

Basi akaandika, jua likimchoma kisogoni na watu wakijaa nyuma yake: "Malalamiko: moja. Koplo Nassor na Konstebo Masha walimchinja jogoo wa kesi wakamla, kisha Koplo akaandika uongo kitabuni. Wamekiri. Watatoa jogoo wawili, mmoja kwa kila mlalamishi. Koplo hatapata likizo ya Idi Kubwa." Herufi zikapanda na kushuka kama ngazi mbovu.

Alipofika nyumbani, mkewe Hafswa alimwekea sahani ya muhogo.

"Kuku hatuna," alisema. "Ukimtaka, nenda kazini kwako."

Nassor aliinamia sahani. "Baba amesoma?"

"Kasoma mara mbili."

"Amesemaje?"

"Kasema hati yako imeharibika." Hafswa akaketi kando yake, akamsogezea pilipili. "Na mimi n'mesoma mpaka mwisho, palipoandikwa wamekiri. Kula basi."

Ijumaa Nassor alipeleka jogoo wawili. Bi Mishi alimpokea wake kwa vicheko na maneno ya kuchoma. Kuluthum hakucheka. Alimshika jogoo miguu, akamtazama Koplo kwa muda.

"Lile la ubaoni umeliandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na hawajakufukuza kazi?"

"Bado nipo, kama unionavyo."

Jumatatu Kuluthum akaja kituoni, akavuta kiti, akakaa.

"Nina jambo la tangu mwezi wa Ramadhani," alisema. "Sikulisema, maana sikujua ntamwambia nani. Mume wangu Mahfudh alisimamishwa njiani, akitoka msikitini. Askari akamzaba makofi mbele ya wanawe, akamchania kanzu. Eti amechelewa kusimama."

"Askari gani?"

"Masha."

Kalamu ya Nassor ilisimama. Miaka mitano alikuwa zamu moja na Masha; walikula sahani moja, wakaazimana hata viatu. Masha alikuwa doria na Sajini alikuwa amekwenda kisiwani kwa wakubwa wake. Angeweza kumwambia mama huyu arudi kesho, na kesho ingekuwa kesho kutwa. Alijua namna ya kulifanya hilo. Alishalifanya kwa wengine.

"Alimpiga makofi mangapi?" aliuliza.

"Mawili. La pili Mahfudh keshapiga magoti."

Nassor akayaandika kitabuni, kisha akamsomea neno kwa neno. Kuluthum akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu.

Masha aliporudi, Nassor hakungoja asikie kwa watu. Alimpeleka nyuma ya jiko akamwambia.

"Utaniandika mimi, Nassor?"

"Nishakuandika. Ni kweli au si kweli?"

Masha alichimba mchanga kwa ncha ya buti. "Kweli," alisema mwishowe. "Nilikuwa na hasira zangu. Yule mzee hakunifanya lolote."

"Basi nenda ukamwambie yeye."

Masha alikwenda siku ile ile, akiwa bila kofia, na Mahfudh alimsikiliza akiwa mlangoni, hakumkaribisha ndani. Wakubwa wa Sajini walimwondoa Masha katika zamu za barabarani na kumnyima cheo alichokuwa akikingojea. Kwa mwezi mzima hakusema na Nassor ila kwa mambo ya kazi, na Nassor alilala na jambo hilo moyoni.

Lakini Alhamisi ile, habari ya Masha ilipoandikwa, hakuna aliyecheka. Watu walisoma, wengine wakiwasomea wasiojua kusoma. Kisha mzee mmoja akaingia kueleza habari ya baiskeli yake iliyoibwa mwaka juzi, na nyuma yake wakajipanga wengine wanne, kila mtu na lake.

"Karibuni," alisema Nassor, akifungua ukurasa mpya. "Mmoja mmoja, tafadhalini."