Kondoo wa Kuombea Radhi

Ndege za kivita za marafiki ndizo zilizoua. Hapo ndipo akili ya Lajbar ilipokwama. Mdogo wake Wisal, askari wa kituo cha mpakani, angeuawa na adui, kilio kingeeleweka. Lakini marafiki! Kikulacho ki nguoni mwako, sawa. Ila Lajbar mwenyewe alikuwa akiwalisha hao marafiki, maana lori lake lilivusha mafuta ya jeshi hilohilo la ng'ambo kwenda Afghanistan.

Serikali ikafunga mpaka kwa hasira. Malori yakakaa Torkham, penye kivuko cha mpakani, yakipigwa vumbi, huku wakubwa wakibishania neno la kuombea radhi. Mzee Zarwali, baba yao, hakubishana na mtu. Kila asubuhi aliketi mlangoni kuwangoja wauaji. Kwa Wapashtuni, kabila lake, mkosaji huja mwenyewe na kondoo kuomba radhi, na akishafika hafukuzwi.

Siku moja redio ikatangaza kuwa wale wa ng'ambo wanasikitika, na mpaka umefunguliwa. Noorang, dereva mwenzake Lajbar, akapiga honi.

"Kaka, twende! Au unangoja ubebwe mgongoni?"

Lajbar akaenda kwanza kwa baba yake kuomba baraka za safari.

"Baba, wameomba radhi."

"Wako wapi?"

"Wamesema redioni."

"Kondoo wa redioni anachinjwaje?"

"Baba, mila yetu hawaijui. Hawaji hawa."

"Hawana mtu wao huku? Anayekula chumvi yao?"

Mzee akamkazia macho mpaka mwanawe akainama.

Lajbar alitoka hajui acheke au alie. Yeye ni mfiwa au muuaji? Apewe pole, au aombe radhi? Kichwa kilimvurugika kabisa. Alizunguka sokoni akibishana na nafsi yake, na aliporudi nyumbani alikuwa anamvuta kondoo. Moyoni alijipa matumaini kuwa mzee atapoa, ampe baraka, naye arudi barabarani.

Mzee aliipokea kamba. Akachinja mwenyewe, kisha akamwonyesha Lajbar godoro la wageni.

"Tumekusamehe," akasema. "Damu ya mwanangu wa pekee hatuidai tena. Kunywa chai, bwana, uende zako salama."

"Baba, ni mimi. Lajbar."

Mzee alikuwa ameshageuka. Mama alisimama na birika mkononi, akimtazama huyu, akimtazama yule, asijue kama amimine.