Gari la Wazi Njia ya Mbingu

Siku ambayo baba yake alitarajiwa kurudi, Shilinde aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akavaa soksi mbili za rangi tofauti na kwenda kukaa ndani ya gari. Mama yake, Edna, alipotoka uani na mswaki mdomoni, alimkuta amejifunga mkanda kiti cha nyuma, ametulia kama abiria aliyekwisha kukata tiketi.

"Baba anafika mchana," Edna alimwambia. "Shuka unywe chai."

"Niletee hapa hapa, mama."

Edna hakuwa na ubavu wa kugombana naye. Yeye mwenyewe usingizi ulikuwa umempaa kwa furaha. Akamletea chai hapo hapo, na haukupita muda Minza, aliyekuwa na miaka minne na asiyekubali kaka yake apate kitu asichopata yeye, naye akapanda na kikombe chake.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, dogo, la milango miwili. Mbele viti viwili, nyuma kijikalio chembamba ambacho mtu mzima angekikalia labda kwa adhabu. Paa lake lilikuwa la turubai jeusi. Ukifungua makomeo yake mawili na kulisukuma nyuma, linajikunja lote na mnabaki na mbingu kichwani. Mwenyewe alikuwa Careen, dada wa Dar es Salaam aliyekuja Ifakara kufanya utafiti wa mbu. Kila masika gari lile lilizama kwenye tope, na kila lilipozama aliyeitwa kulivuta alikuwa Edna, maana Edna alikuwa dereva wa trekta la tajiri wake, Telesphory, na hakukuwa na jaruba la mpunga kandokando ya mji ambalo hakuwahi kulilima. Careen alipopata kazi nje ya nchi, alikuja nyumbani kwa Edna, mtaa wa Lipangalala, na funguo mkononi.

"Da Edna, umelivuta kuliko nilivyoliendesha," alisema. "Bora liwe lako."

Masanja, mume wa Edna, hakujua lolote. Alikuwa Mbeya miezi mingi akijenga nyumba za watu, na Edna aliwaambia watoto kwamba gari ni siri mpaka baba atakaposhuka kwenye treni. Kila simu ilipoita, Shilinde alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na Minza alikimbilia chooni ili asije akasema.

Siri ile ilimfurahisha Edna, lakini pia ilimtia hofu. Masanja alikuwa mtu mpole. Ila kabla hajaondoka, wenzake kijiweni walikuwa wakimtania: mke yuko juu ya trekta, mume yuko chini kwa miguu. Alicheka nao, kisha akarudi nyumbani kimya na kula bila maneno. Sasa mke huyo huyo ana gari pia.

Mchana ulifika, treni haikufika. Wali ulipoa, mchuzi wa kuku ukaganda. Hatimaye simu ikaita.

"Mama Shilinde!" Sauti ya Masanja ilikuwa inakuja na kupotea. "Tumelala Mlimba, kichwa cha treni kilikuwa kibovu. Ndiyo kwanza tumeipita Chita. Sijui tutafika sa—"

Mtandao ukakata. Minza, aliyekuwa amesikia neno moja tu, lile la "sijui", akaanza kulia.

"Si tumfuate?" Shilinde akasema.

"Tumfuate wapi? Treni haipiti barabarani."

"Inapita karibu na barabara, mama. Njia ile ya kijiji cha Mbingu. Tulienda na babu kwenye pikipiki nikaiona reli, iko hapa, na barabara iko hapa." Akaweka viganja vyake sambamba mbele ya uso wa mama yake.

Edna akaitazama sufuria ya wali, akalitazama jua, akawatazama watoto. Alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa. Akajikuta anacheka.

"Haya. Kojoeni wote."

Walipiga kelele hadi jirani akachungulia juu ya ua. Minza akawekewa mto ili mkanda usimkate shingo, kila mtoto akafungwa kitambaa kichwani, chupa ya maji ikapita katikati.

"Paa, mama! Tufungue paa!"

"Vumbi litatumaliza."

"Mama, tufungueee!"

Akafungua.

Juu ya trekta Edna aliizoea dunia kwa mbali, paa za nyumba na vichwa vya watu. Ndani ya kigari kile alikuwa chini kabisa, kimo kimoja na kuku. Wapanda baiskeli walimtazama kwa juu. Lakini walipouacha mji na kushika njia ya changarawe, upepo ukaingia kwa nguvu, ukapeperusha vitambaa, ukajaza mashati ya watoto mpaka wakaonekana wanene. Ilikuwa baada ya mavuno. Pembeni mwa barabara mpunga ulianikwa kwenye maturubai, na harufu ya majani makavu ilikuja nzima nzima, bila kioo cha kuizuia. Upande wa kulia milima ilisimama na bluu yake. Minza alimwamkia kila aliyemwona.

"Shikamoo! Shikamoo! Shikamoo mbuzi!"

Wanawake waliokuwa wakigeuza mpunga waliinuka na kupiga vigelegele bila kujua wanampigia nani. Edna naye akawapigia honi. Honi ilikuwa nyembamba kama ya pikipiki, na kila ilipolia watoto walikufa kwa kicheko.

Walipopita Idete, kundi la ng'ombe lilitoka majarubani na kufunga barabara yote. Edna akasimama, akazima injini. Ukiwa juu ya trekta, ng'ombe ni migongo tu; humu ndani ng'ombe walikuwa pembe, pua na pumzi ya moto. Wakawazunguka. Fahali mmoja mweupe akaingiza kichwa chote upande wa Minza, akamnusa, kisha akamlamba kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso.

Mkono wa Edna ulikuwa tayari hewani kumsukuma mnyama yule, asijue kama kumsukuma ndiko kutakakomkasirisha. Minza alikodoa macho, mdomo wazi, uso unang'aa mate. Kisha akacheka kicheko kikubwa kuliko yeye.

"Mama! Amenioga!"

"Amekuogesha," kaka yake akamsahihisha, huku amejikunja upande wa pili asiogeshwe yeye.

Mzee mchungaji alikuja na fimbo begani, akampiga fahali yule kofi la shingo.

"Mwadila, babu," Shilinde akamwamkia, kama baba yake alivyomfundisha.

Mzee akashangaa, uso ukamchanua. "Mwadila, mwadila! Huyu wa nani anayejua Kisukuma chetu?"

"Wa Masanja. Yumo ndani ya treni, tunamfuata."

"Basi msikae hapa kuongea na mimi. Imepiga honi kule, nimeisikia sasa hivi." Akawapigia ng'ombe mluzi, na ukuta wote wa mikia ukaanza kupasuka polepole katikati.

Hawakwenda mbali. Mahali ambapo tuta la reli linasogea hadi karibu kabisa na barabara, walikiona kichwa cha treni kinakuja mbele yao, kikubwa, kinatikisa ardhi. Edna akasogea pembeni. Mabehewa yakaanza kupita, dirisha baada ya dirisha, nyuso baada ya nyuso.

"Baba!" Shilinde aliliitia kila dirisha. "Baba! Baba! Baba!"

Yakapita yote. Ikabaki reli tupu na moshi.

"Imempeleka wapi baba?" Minza akauliza, na mdomo wake ukaanza kutetemeka.

Edna alikata usukani kama anavyogeuza trekta mwisho wa shamba, nyuma kidogo, mbele, nyuma tena, matairi ya nyuma yakining'inia karibu kabisa na mtaro.

"Mikanda!"

"Imefungwa!"

"Shikaneni mikono. Hakuna kusimama. Mtu akisimama tunarudi nyumbani, mmesikia?"

"Ndiyo!"

Akakanyaga mafuta.

Treni ile haikuwa na haraka ya kutisha. Ilikwenda kwa kuyumba, kama mtu aliyeshiba. Kigari kilianza kuikaribia, kikalipata behewa la mwisho, kikalipita. Changarawe zilipiga chini ya gari kama mvua juu ya bati. Abiria waliwaona, na vichwa vikajaa madirishani. Vijana walipiga miluzi, kina mama walipunga kanga, mtu mmoja akawa anagonga ubavu wa behewa kwa kiganja kana kwamba anahimiza farasi. Edna alishika usukani kwa mikono miwili, jicho moja barabarani, na alijisikia mwepesi, msichana tena, pumzi ikimwishia bila kukimbia.

"Yule pale! Kofia ya baba! Mama, kofia!"

Kweli. Kofia ya bluu, kiwiko nje ya dirisha. Masanja alikuwa anawatazama. Alitabasamu, akapunga mkono kwa adabu, kama mtu anavyowapungia watoto wasio wake.

"Hajatutambua!" Shilinde akalia. "Mama, baba hajatutambua!"

Edna aligeuza shingo mara moja, akaelewa. Watoto walikuwa wekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi midomo, na mashavu ya Minza yalikuwa na tope pale ulimi wa ng'ombe ulipopita. Naye bila shaka alikuwa vilevile. Akavuta pumzi yote iliyokuwepo. Ana sauti Edna, ile ya kuita mtu upande wa pili wa shamba huku injini ya dizeli inanguruma chini yake.

"BABA SHILINDEEE!"

Masanja aliruka. Kofia ikachomoka kichwani, ikapaa, ikaangukia barabarani nyuma yao. Alitoka dirishani mpaka kiunoni, akashika kichwa kwa mikono miwili, mdomo wake ukisema mambo mengi ambayo hakuna aliyeyasikia. Watu walimshika shati kwa nyuma.

"Kofia, mama!"

"Kofia tutanunua!"

Wakaenda hivyo, ubavu kwa ubavu, baba akipiga kelele, watoto wakipiga kelele, hadi barabara ilipokata kona kushuka kijitoni na reli ikaendelea moja kwa moja. Treni ikapotelea nyuma ya miti. Minza hakulia safari hii. Alikuwa anahema.

"Baba ametuona," alisema taratibu, kama anayejisimulia mwenyewe.

Walipofika stesheni ya Ifakara, treni ilikuwa imekwisha kufika na watu wamejaa uwanjani na mizigo. Kila aliyetoka alilitazama gari na kucheka. Bibi mmoja mwenye kapu la ndizi akaja moja kwa moja hadi mlangoni kwa Edna.

"Ndiwe dereva?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mumeo ametuchosha, mwanangu. Tangu kule tunaambiwa 'yule mke wangu, yule mke wangu.' Waliolala kawaamsha. Mimi mwenyewe kanivuta mkono nije dirishani nikuone."

Nyuma ya bibi, Masanja alikuwa anakuja na gunia la viazi begani na begi mkononi, kichwa wazi. Watoto walifunguliwa mikanda wakamrukia, gunia likaanguka, naye akawa mwekundu kama wao.

Alipomaliza kuwakumbatia alilizunguka gari polepole, akigusa hapa na pale, huku Edna akisubiri na vidole vyake vimeng'ang'ania funguo.

"La nani?"

"Letu. Lilikuwa la Careen, ameniachia. Nilitaka uone mwenyewe kwanza."

Masanja akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Unajua nilisema nini nilipowaona kule?" alisema kwa sauti ya chini. "Nilisema moyoni, watoto wa watu wanafaidi. Nikatamani wangu. Halafu nikasikia unaniita."

Edna akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, yakachora njia mbili juu ya vumbi. Hakuyafuta.

"Nakaa wapi mimi?" Masanja akauliza.

"Nyuma, na sisi!" watoto wakasema pamoja.

Akajaribu. Kwa kuwa paa lilikuwa wazi iliwezekana: Shilinde akahamia mbele kulinda viazi, Masanja akajikunja kwenye kile kijikalio pembeni ya binti yake, magoti yakiwa usawa wa masikio, miguu haijulikani imeishia wapi. Minza akamfunga mkanda mwenyewe, akauvuta kuhakikisha. Edna akawasha gari, wakatoka stesheni taratibu kati ya bodaboda na mizigo. Walipokaribia njia ya Lipangalala, akaanza kupunguza mwendo ili akate kona.

"Unakwenda wapi?" Masanja akauliza kutoka nyuma.

"Nyumbani. Umechoka, na kuku anakusubiri."

"Kuku hana haraka. Jua bado liko juu." Akanyoosha mkono wake mrefu katikati ya viti, akaonyesha mbele, upande wa kusini. "Tupeleke darajani kwanza, Mama Shilinde. Nataka niuone mto nikiwa nimekaa hivi hivi."

Shilinde akapiga honi kabla mama yake hajajibu, na Edna akaipita kona ile bila kugusa breki.