Kichwa cha Ayoka

Usiku wa kuamkia leo nimeota tuko Iseyin, mji wa kwetu Nigeria, mimi na binti yangu Ayoka, tumepanga foleni ya kupimwa vichwa.

Kwetu Wayoruba, asubuhi mtoto humpigia bibi yake magoti, naye bibi humwimbia oriki, yaani sifa za ukoo wake, mpaka kichwa kivimbe kwa fahari. Siku zote nilidhani ni maneno tu ya kusema. Huko ndotoni kinavimba kweli, na kinapimwa kwa inchi.

Mpimaji ni utepe wa fundi cherehani. Unajizungusha kwenye kichwa cha Ayoka, unakohoa.

"Inchi kumi na nane, na kinapungua," unasema. "Miaka tisa hajaimbiwa. Haya mama, mwimbie."

Naimba mstari wa kwanza. Kichwa kinaongezeka nusu inchi. Naimba wa pili. Wa tatu siukumbuki, natia Kiswahili.

"Kichwa hakili tafsiri," unasema utepe.

Mara foleni imekuwa jikoni kwangu, Dodoma. Mama yangu, aliyefariki mwaka juzi, anachambua maharage. Napiga magoti, namuuliza kwa Kiyoruba changu cha kuungaunga mstari wa tatu unasemaje.

"Nilikutumia yote arobaini kwenye simu, Asabi, kwa sauti yangu," anasema. "Ukasema utasikiliza Jumapili."

"Nilikuwa na kazi, Mama."

Jumapili yenyewe imekaa karibu na friji, imevaa suti.

"Mimi nilikuja," inasema. "Kila wiki nilikuja. Nilimkuta anafua, au amelala."

Naona aibu, na hata pa kukaa na aibu yangu hapana, maana Jumapili imekalia stuli pekee ya jikoni. Simu ile ilikufa na sauti yote ya mama yangu ndani.

"Basi niimbie sasa," naomba.

"Marehemu haimbi," anasema, bila hasira. "Marehemu anaimbiwa. Ayoka, mjukuu wangu, hebu niimbie."

Ayoka ananigeukia. Kichwa chake sasa kinalingana na limau.

"Mama, bibi anasemaje?"

Nimeamka nalia. Kumeshakucha, na Ayoka amesimama mlangoni na sare za shule, ameshika miwani kwa mikono miwili isidondoke.

"Shikamoo, Mama. Mbona miwani inanipwaya? Jana ilikuwa inanibana."

Nimemwimbia mistari yangu miwili. Bado ikapwaya. Nimeifunga kwa uzi kisogoni, akaenda shule.