Utani wa Jiwe la Amgok

...na jiwe lenyewe wala si kubwa hivyo, anawaza Myongrye, utotoni lilikuwa sawa na nyumba na leo paa lake linamfika begani, mawe mawili yamesimamishwa ubavuni, moja pana limelazwa juu, na chini yake ule uwazi wenye giza ambamo walimzika mkubwa fulani wa kale, kabla watu hawajajua chuma, na ambamo yeye Myongrye aliokotwa, eti aliokotwa, kama kuku wa jirani, baba mdogo ndiye aliyelitamka hilo siku tuliyomzika Mama, pombe ya mchele imemkolea, akasema kwa sauti ya kumsifu kabisa, "Mwacheni Myongrye alie, huyu wa kuokota jiweni amemlilia kuliko sisi wa damu," halafu vijiti vya kulia chakula vikabaki hewani, na yeye akazungusha macho kutoka uso hadi uso akitafuta mmoja tu aliyeshangaa, hata mmoja, hakumwona... hilo ndilo lililomchoma, maana kuokotwa ni kuokotwa, watoto wangapi wameokotwa katika nchi hii, lakini kujulikana na kijiji kizima halafu wewe mwenyewe ndiye usiyejua, uzee wote huu... "Kiazi hiki kimeiva, wewe, njoo ule kingali cha moto," anasema Kaka Gisop kando ya uzio, anamenya kiazi kitamu na kukirusharusha kutoka kiganja hadi kiganja, "wenzetu wameshafika kaburini, na baba mdogo magoti yake unayajua," naye ameweka mkono juu ya jiwe, alimwambia Kaka tangu asubuhi kwenye simu kwamba atafika hapa jiweni tu, kule juu hapandi, leo ni kumaliza matanga na kusujudu mbele ya kaburi ni kazi ya mwana, na yeye ni nani, Kaka akasema haya, basi tuonane jiweni, hakubishana, Kaka hajui kubisha, anajua kuleta viazi... jiwe lina joto. Hapa juu ndipo Mama alipokuwa akianika pilipili, jua la vuli likilichoma jiwe tangu asubuhi na pilipili zikikauka juu na chini kwa pamoja, siku hizo hakukuwa na uzio huu wala kibao cha serikali, jiwe lilikuwa letu tu, na Mama akizigeuza kwa vidole alikuwa akimsimulia Bibi Mago, lile jimama lililolibeba jiwe hili ndani ya sketi yake likienda kujenga ukuta wa mji huko kaskazini, likafika hapa likasikia ukuta umeshakwisha, likasema basi, likaachia sketi, jiwe puu, na kwa kuwa jimama lilikuwa limebanwa na mkojo safari nzima likachuchumaa papo hapo na ndiyo asili ya kijito cha Amgok, "tunachofulia nguo, Mama?" "hicho hicho, na zinatakata, au hazitakati?" na Mama alicheka mpaka machozi, alipenda utani yule, alipenda kila utani isipokuwa mmoja... ndio huo. Kila mtoto wa Amgok aliambiwa ameokotwa chini ya jiwe. Ukikataa kulala, ukimwaga supu, ukijibu jeuri, utasikia, "Nenda zako ukamtafute mama yako mle shimoni!" na Shangazi wa Yongdam, jirani yetu aliyeolewa kutoka Yongdam, ndiye aliyekuwa fundi wa utani huo, atakutazama kwa huruma ya uongo na kusema, "Maskini, siku tulipokuokota ulikuwa na uso kama chura, tukasema tumrudishe, mvua ikatuzuia," mtoto anaangua kilio, wakubwa wanajipiga mapaja, na mimi pia nililia, na kila mara Mama aliinuka akaenda uani kufunua mitungi ya mchuzi wa soya isiyohitaji kufunuliwa, nikadhani utani huo haumchekeshi tu... kumbe. Kumbe walikuwa wakinicheka machoni pangu, wote wale, Shangazi wa Yongdam aliyenisuka nywele, walijua na wakacheka, na jiwe hili limeota vishimo juu kama sinia lililogongwagongwa, vidole vyake vinavipapasa, vishimo saba hivi tuliviita nyota saba, wanawake waliotaka mtoto walikuja hapa alfajiri na bakuli la maji safi, wakalitua juu ya nyota, wakasugua viganja wakiomba, na Mama naye alikuja, Kaka alimweleza baada ya mazishi, baada ya Gisop mimba zilimtoka moja baada ya nyingine, basi akaja na bakuli lake, na kabla hajamaliza kuomba akasikia kitu kinalia chini ya miguu yake, akarudi mbio na mtoto ndani ya koti, bakuli akalisahau... ngoja. Ngoja kidogo. Atakaye kutupa mtoto ana mto, ana kichaka, ana barabara ya mjini usiku. Aliyemleta hapa alijua wanawake wa aina gani huja hapa alfajiri. Alimfunga kiblanketi, kifundo mara mbili, Kaka alisema, akamlaza kwenye kizingiti cha mtu aliyekuwa njiani kuja kumwomba... asante basi, wewe usiye na jina, sikujui na pengine ulijificha nyuma ya ile misonobari ukasubiri mpaka ukasikia mtu amenibeba, asante, lakini wale wa kucheka, wale je...

"Mimi nilikuwa nakuonea wivu," anasema Kaka mdomo umejaa. "Wivu wa nini?" "Wa jiwe. Mimi nilikuwa wa daraja." "Daraja gani?" "Si lile la kijitoni, penye vyura! Sisi wa rika langu wote tuliokotwa chini ya daraja, ndivyo tulivyoambiwa. Ulipoletwa wewe, ghafla kila mtu jiwe, jiwe, hata watoto waliozaliwa mbele ya macho yangu, jiwe. Nikamuuliza Shangazi wa Yongdam, mbona mimi daraja? Akanifinya sikio, akasema daraja limekufa, kuanzia leo Amgok nzima imetoka jiweni, na nikilitaja daraja mbele yako ataning'oa sikio lenyewe. Mpaka leo linaniuma nikipita nyumbani kwake, na mama wa watu alishakufa," na Kaka anapuliza kiazi, anaendelea na mambo ya gari, kwamba ameliegesha juani, lakini Myongrye hayasikii ya gari... walibadilisha. Wanawake wale waliotoka shambani na migongo inauma walikaa mahali, kisimani labda, wakasema mtoto huyu siku moja neno litamfikia, kutoka kinywa kibaya, basi tuwaambie watoto wote, kila siku, kwa kicheko, mpaka neno hilo lisiwe na meno. Mwenye punje moja ya kuficha huitia ndani ya gunia. Na lilimfikia kweli, darasa la pili, yule mtoto wa mwenye kinu cha mpunga alimkabili mbele ya wote, "Wewe si wa mama yako, wewe umeokotwa jiweni!" na yeye akajibu palepale, "Na wewe je?" na darasa zima likamgeukia yule mtoto, na wewe je, na wewe je, kengele ikalia, akaenda kuruka kamba. Akaenda kuruka kamba! Hakukumbuka tena mpaka leo. Kijiji kizima kiliwaliza watoto wake chungu nzima ili mmoja asilie peke yake, na Mama alikwenda kwenye mitungi kwa sababu uso wake haukujua kudanganya, wengine wakamsaidia kudanganya, miaka yote, hakuna aliyeteleza ila mzee mmoja mlevi aliyetaka kunisifu... enyi watu, enyi wanawake wa Amgok, nitawashukuru kwa lipi, wengi wenu mko kule kilimani mmelala.

"Unakula au huli?" anasema Kaka. "Kaka." "Nini?" "Wewe wa daraja, mimi wa jiwe. Mama yetu kila alipopita aliokota." Kaka anacheka, kiazi kinampalia, anakohoa ameshika uzio, anasema utaniua wewe, nizikwe humo humo shimoni, na jua lipo palepale, na mkono wa Myongrye bado uko juu ya jiwe, hajainua hata mguu, ila moyoni ameshafika kule juu, ameshapiga magoti mbele ya watu wote, ameshaweka paji la uso kwenye nyasi, anasema Mama, ni mimi mwanao, nimechelewa kidogo.