Joto la Kesho

Mikate ya bekari yetu iliungua wiki tatu mfululizo, na Meneja, kijana wa tai na kalamu nne mfukoni, akaamua kumfukuza mwokaji. Mwokaji mwenyewe ni mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, na kwa kuoka mkate sijaona wa kumshinda.

"Tanuri halina kosa," Meneja alitutangazia, akipigapiga daftari la joto. "Kila saa nyuzi mia mbili na ishirini. Halipandi, halishuki! Basi kosa ni la mikono. Dada, saa kumi ukabidhi aproni."

Mkwe wangu akanigeukia, machozi yakimlengalenga. Maana anayeandika lile daftari ni nani? Ni mimi.

Niseme kweli. Kioo cha kipimajoto kilishika masizi tangu mwezi uliopita, na macho yangu siku hizi hayana undugu na mimi. Kusumbua watu sipendi. Basi asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, najaza siku nzima, pengine na zaidi, kwa mwandiko wa kupendeza, kisha napiga soga. Tuliambiwa tanuri liwe mia mbili na ishirini. Ningeandika nini kingine?

Kicheko kikanipanda toka visiginoni. Nikakimeza, kikarudi.

"Meneja mwanangu, hebu funua ukurasa wa kesho."

Akafunua. Akakodoa macho. "Bibi! Kesho saa tisa mchana tayari ni mia mbili na ishirini?"

"Tazama na kesho kutwa."

"Kesho kutwa tumefunga!"

"Ndiyo maana joto limetulia."

Mkwe wangu akarukia kile kioo, akakisugua kwa tambara. Mshale ulikuwa mia tatu kasoro kumi.

"Mama wewe! Wiki tatu nasemwa mimi!" Alitaka kununa, kicheko kikamponyoka, akashika mbavu.

Mpima unga akakohoa. "Bosi, maadamu tunacheka… mizani yangu ilikufa zamani. Naandika kwa kukisia."

Meneja akakaa juu ya gunia, puu! Unga ukamfunika hadi kope. "Jamani, mimi ripoti ya mwezi ujao nimeshaituma kwa tajiri. Nimeandika hakuna mkate hata mmoja ulioungua."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

"Mama, leta hiyo kalamu ya daftari," mkwe wangu akasema, akainama kupunguza moto. "Na wewe bosi, vua tai. Tuna siku kumi na mbili kabla mwezi huo haujaanza, tuifanye ripoti yako iwe kweli."